Kiti cha Daktilo

Jumatatu, 2 Novemba 1992

Mgongo. Tena mgongo! Asubuhi nimeshuka kitandani kwa kutambaa kama mtoto mchanga, na Husna amegeuka ukutani ili nisimwone akicheka. Nilimwona.

Niandike sababu, maana kila jambo lina sababu, ingawa katika mji huu kila kinachouma huitwa uchawi. Sababu ni kiti. Kile changu cha mbao kilivunjika mguu mwezi uliopita. Tangu hapo nachapa nikiwa juu ya kiti cha jikoni, cha formika, chenye miguu ya bomba. Sasa, kiti cha jikoni kimetengenezwa kwa mtu anayekula. Anayekula hukaa muda mfupi, tena kwa furaha. Mimi nakaa kutwa nzima nikichapa kozi ya uchumi ya Profesa Adrien. Leo ilikuwa sura juu ya utajiri wa taifa. Sijui ameiandika kwa taifa gani.

Kozi yote iwe kwenye stensili za kurudufia kabla ya mwezi kwisha. Huo ndio mchele wetu. Pensheni ya Kampuni ya madini siitaji hapa, karatasi ni ghali. Na profesa amesema waziwazi: nikichelewa, kazi anampa Placide, kijana mwenye mashine ya umeme. Mashine ya umeme! Bwawa la umeme la Mwadingusha likikohoa tu, Likasi nzima inatafuta mishumaa.

Lakini ukweli ni kwamba nachelewa. Maumivu yakipanda, vidole vinakosea. Na kosa kwenye stensili halifutiki kama la penseli. Hupakwa ile dawa nyekundu, kama kidonda. Ukurasa wa leo umetoka kama mtu aliyeanguka kwenye ngazi.

Muuguzi wa zahanati amenishauri hivi: "Papa, usikuwe unaikala sana." Ahsante. Na samaki asiogelee sana.

Husna amekwenda gare, kwenye stesheni ya treni, na sufuria ya maharagwe kwa Kabedi. Kabedi alikuwa daktilo, mpiga chapa wa biro yetu, ofisi ya hesabu, wakati mimi nilikuwa mkuu wa makarani. Mwezi wa tisa vijana walipita mtaani kwake wakipiga filimbi, wakiwaambia watu wa Kasaï warudi kwao. Kwao! Kabedi alizaliwa hapahapa Likasi. Mama yake alizikwa hapahapa. Sasa wako kule gare, maelfu, chini ya mahema ya magunia, wakisubiri treni isiyokuja.

Mimi sijaenda kumwona. Mgongo.


Jumatano, 4 Novemba

Nimeamua: kiti. Kiti kizuri, kwa fedha kidogo. Watu hudhani mambo hayo mawili hayakutani. Hukutana, ila lazima mnunuzi awe na akili, na akili haiporwi kwa hiyo haiuzwi kwa Cyrille.

Cyrille ni jirani yetu, shemasi wa kanisa la maombi. Tangu uporaji wa mwaka jana, ua wake umekuwa biro kubwa kuliko biro zote za Likasi. Watu walibeba meza, vitasa, taa, hata masinki ya vyoo. Cyrille mwenyewe hakuiba — ndivyo asemavyo. Alinunua kwa walioiba. Na kila jioni anamshukuru Mungu kwa sauti, mimi nikijaribu kusali yangu.

"Papa Kassim! Karibu! Leo njo Mungu amekuleta. Ona hii foteyi! Ya directeur kabisa. Ngozi! Inazunguka!"

Nimemwambia nataka kiti cha kufanyia kazi.

"Weye ni muntu mukubwa, papa. Haifai uikale pa kintu ya bule."

Nimekaa kwenye foteyi yake. Nimezama! Magoti yamepanda hadi karibu na ndevu. Mgongo umekunjwa kama barua. Nimelazimika kuomba mkono wake ili nitoke.

Hapa nieleze jambo ambalo hakuna anayelielewa. Mkurugenzi hachapi. Mkurugenzi hujitupa nyuma, anatazama dari, anasema hapana. Kiti chake kimetengenezwa kwa kusema hapana. Ukimweka hapo mtu wa kazi, utamuua kiuno.

Lakini nani atawaambia? Katika Kampuni kiti kilikuwa cheo. Kibarua alisimama. Karani alipewa mbao tupu. Mkuu wa makarani alipewa kiti chenye mikono — siku niliyopewa mikono, Husna alipika pilau na majirani walikuja kunipongeza. Wakubwa walipewa mikono pamoja na kitambaa. Mkurugenzi, ngozi na kuzunguka. Kwa hiyo mji mzima ulijifunza kitu kimoja tu: kadiri kiti kinavyopanuka, ndivyo matako yanavyoheshimiwa. Na walipovunja milango mwaka jana, walikimbilia nini kwanza? Foteyi! Mafaili waliwashia moto. Mashine za hesabu walizitupa barabarani. Foteyi walizibeba vichwani wakiimba.

Nikiwa bado pale ameingia mnunuzi mmoja wa mawe ya madini kutoka Kambove. Amenunua mbili. Amejizungusha kwenye moja huku miguu iko juu, mtu mwenye watoto wakubwa! "Mama Bénie ataona!" alikuwa akipiga kelele, akimtaja mkewe. "Ataona leo!" Ataziweka kwenye baraza, mvua inyeshe juu yake.

Nimerudi mikono mitupu. Mgongo mbaya zaidi.


Ijumaa, 6 Novemba

Baada ya sala nimepitia kwa seremala. Nimemchorea kiti kwenye kipande cha boksi. Nimemweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza makarani wapya. Kukaa ni elimu. Visigino viguse chini. Mapaja yalale sawasawa. Viwiko viwe kimo kimoja na mashine. Na kiegemeo kisiwe kirefu. Kishike hapa, juu kidogo ya kiuno, kama kiganja cha mtu anayekusaidia kupanda ngazi. Hayo nilijifunza kwa Mzungu mmoja aliyeletwa na Kampuni zamani, akaja na utepe kuwapima madaktilo wote kama fundi nguo. Makarani walicheka sana. Mimi niliandika kila kitu.

Seremala alisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Nimesikia, papa. Nitakutengenezea na vichwa viwili vya simba pa mugongo."

Simba!

Nimemwambia Husna. Amecheka mpaka ameketi chini. "Baba Kadidja, mimi ulinichagua siku mbili. Kiti, mwezi mzima!"

Nimemjibu kwamba mke hana visi, ile skrubu ya kupandisha na kushusha.

"Ungepewa visi ungenishusha," amesema.

Nimechapa kurasa chache. Makosa mengi. Profesa ametuma mtu kuuliza tumefika wapi. Tumefika kwenye "mahitaji ya binadamu".


Jumapili, 8 Novemba

Nimekipata.

Nilirudi kwa Cyrille alipokuwa kanisani, nikijua mke wake ataniacha nizunguke. Nyuma kabisa, chini ya mabati, nyuma ya foteyi tatu zilizopasuka matumbo. Kidogo. Cha chuma cha kijivu. Hakina mikono. Kiegemeo kifupi juu ya ulimi wa chuma, kiti kinachopanda na kushuka kwa visi. Kiti cha daktilo!

Nieleze. Daktilo hakuhesabiwa kwenye ngazi ile ya vyeo. Alihesabiwa pamoja na mashine yake. Mashine hupakwa mafuta, daktilo hupewa kiti. Wazungu waligundua kwamba daktilo anayeumwa mgongo anakosea herufi, basi hawakumpa kiti cha heshima, walimpa kiti cha kweli. Kiti bora katika jengo zima kilikuwa chini ya mtu mdogo kuliko wote, na hakuna aliyekionea wivu. Hata waporaji walikipita!

Nilikivuta hadi kwenye mwanga. Kilikuwa kimeshonewa kitambaa cha kijani, mshono wa mkono, mdogomdogo, sawasawa.

Mshono huo naujua. Kila mwaka mpya alikishonea nguo mpya, kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya nyumbani kwake. Kampuni ilipofunga biro yetu haikuwa na fedha ya kumlipa, ikamwachia mashine na kiti. Ni kiti cha Kabedi.

Cyrille alirudi kutoka kanisani amevaa tai, akanikuta nimekaa.

"Ile? Papa, ile ya bule! Kiti ya banamuke! Haina mikono, haina kichwa. Minye nilitaka kuivunja, niuze chuma."

Nilimuuliza kimetoka wapi.

"Papa Kassim," alisema, akainua kidole juu, "hapa kintu yote inatoka kwa Mungu."

Mjinga mnafiki! Alinitajia bei ya chuma chakavu, tena akinihurumia. Nililipa.

Nimefikiri njia nzima, yaani hatua zile za kutoka kwake mpaka kwangu. Kingevunjwa. Hilo ndilo la kwanza. Kwa hiyo sikununua mali ya mtu. Nimeokoa kitu kizuri mikononi mwa washenzi. Ni tofauti, na mtu mwenye elimu anaiona.


Jumatatu, 9 Novemba

Ee Mola! Mgongo umenyamaza.

Nimechapa tangu asubuhi hadi alasiri. Kurasa safi, hakuna dawa nyekundu hata tone. Kiegemeo kinashika palepale. Kasoro ni moja: visi haina mkono wake, mtu ameung'oa, na bila mkono huo visi haizunguki, hata kwa koleo. Kiti kimebaki kwenye kimo cha Kabedi, ambaye ni mfupi. Nimeongeza magazeti chini yangu, yale yenye hotuba za Kinshasa. Hatimaye zimemfaa mwananchi.

Husna alileta chai. Alisimama. Alitazama kitambaa.

"Hiki nakijua."

Nilisema kitambaa kama hicho kiliuzwa mji mzima.

"Ndiyo. Na aliyekishona aliuzwa mji mzima?"

Nilimweleza habari ya kuvunjwa, ya chuma chakavu, ya Cyrille. Nilieleza vizuri. Alinisikiliza, akachukua kikombe kabla sijamaliza chai.


Jumanne, 10 Novemba

Kurasa nyingi. Nzuri. Chai naikuta mlangoni.


Alhamisi, 12 Novemba

Mvua kubwa tangu alfajiri. Husna ametoka gare amelowa hadi mifupani.

Kule ni tope. Mahema yanavuja, watoto wanakohoa, na kila siku mkubwa fulani hupita ndani ya gari lililofungwa vioo, akisema treni iko njiani. Iko njiani tangu mwezi wa tisa! Labda inatembea kwa miguu.

Lakini Kabedi anafanya kazi. Hilo sikulijua. Siku vijana walipoingia kwake, alifunga mashine yake mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, akaifunika kichwa kwa leso, akapita katikati yao akiibembeleza. Hawakugusa! Mmoja wao alimwambia, "Mama, funika mutoto, iko upepo." Haya ndiyo majitu yanayotuambia nani wa hapa na nani si wa hapa: hayawezi kutofautisha mtoto na mashine ya chapa.

Sasa watu wa gare wanakuja kwake. Mmoja anataka majina ya watoto wake yachapwe ili wasimwache nyuma treni ikija. Mwingine anataka barua kwa ndugu wa Mwene-Ditu, huko Kasaï, ambaye hajawahi kumwona. Wanamlipa kikombe cha unga, kipande cha sabuni. Hivyo anakula, na anamlisha dada yake mgonjwa.

Anachapa akiwa amekaa juu ya sanduku la nguo. Sanduku limebonyea. Mashine iko juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Na amenitumia ujumbe. Husna aliutoa huku akikamua kitambaa chake, bila kunitazama.

"Amesema: 'Mama Kadidja, umuambie chef. Yeye njo anajua viti kushinda bantu yote ya Likasi. Anichagulie moja, ya bei ya muntu wa gare. Mugongo inaniua. Nikishindwa kuikala, tutakula nini?'"

Halafu Husna akaenda kubadili nguo.

Nimechapa ukurasa mmoja tu. Makosa saba. Mgongo hauumi.


Jumamosi, 14 Novemba

Nimemtafutia. Asiseme mtu sikutafuta. Soko lote, kwa miguu. Kuna viti vya kanisa. Kuna kiti cha daktari wa meno, ambacho muuzaji anadai ni cha kunyolea. Kuna foteyi, foteyi, foteyi! Mji ambao hauna chumvi una foteyi za kutosha kuwakalisha wakurugenzi wa Afrika nzima. Kiti cha daktilo, hakuna. Viliyeyushwa. Vilitengenezwa majiko ya makaa. Cyrille amenionyesha jiko moja kwa fahari; niliutambua ulimi wa kiegemeo ukiwa mguu wa jiko.

"Lakini Papa Kassim," amesema, "weye ulipata ya mwisho! Una bahati." Akanipiga begani.

Alasiri profesa Adrien alikuja mwenyewe. Alikuta nimekaa. Alicheka kwa namna ya watu waliosoma, kupitia puani.

"Mzee, weye mkuu wa makarani, juu ya kiti ya daktilo! Itabaki kuvaa jupe."

Sikuijali sketi yake, nilimweleza habari ya Mzungu na utepe. Alitazama saa. Kisha alizitazama stensili, akazinyanyua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Hakuona kosa. Mtu ambaye hawezi kumaliza sentensi bila kupotea anajua kuona kazi safi, hilo nampa.

Amenipa na kozi ya mwenzake, ya sheria ya mali. Nzito kama tofali. "Placide nilishamuambia asahau," amesema. "Endelea vile vile, mzee, kama siku hizi."

Kama siku hizi!

Husna alikuwa mlangoni. Profesa alipotoka alisema kwa upole sana, na upole wake ndio ninaouogopa: "Mpelekee kiti chake."

Nimemweleza. Nimemweleza mara tatu, kwa utaratibu. Moja, tukikosa kozi, tunakosa mchele. Yeye pia anakula mchele huo, na maharagwe anayopeleka gare yanatoka hapohapo. Mbili, treni ikija hawatapakia viti. Watu wenyewe watapanda juu ya mabehewa. Kiti kitatupwa relini, au kitawashiwa... hapana, chuma hakiwaki, lakini kitatupwa. Tatu, sikukiiba.

"La tatu nani kakuuliza?" amesema.


Jumapili, 15 Novemba

Nimepata njia. Kiti cha jikoni, cha formika. Ni kizima, ni chepesi, na ni chetu kweli, tulikinunua dukani mbele ya mashahidi. Kwa mtu anayekalia sanduku, ni neema kubwa. Kesho nitampelekea mimi mwenyewe.

Husna amesema, "Mpelekee." Neno moja, hivyo tu.


Jumatatu, 16 Novemba

Nimetoka gare. Niandike kabla sijaanza kupanga maneno.

Nilibeba kiti kichwani. Mgongo ulivumilia, umepumzika wiki nzima. Njiani vijana wawili wenye vitambaa kichwani walinisimamisha. "Muzee, unahama na weye? Banamaniema zamu yenu haiyafika." Walicheka. Babu zangu walitoka Maniema, kweli; nikawauliza wana cheti cha shule ya msingi? Wakacheka zaidi. Hawana.

Sikuwa nimefika gare tangu mwezi wa nane. Sitaandika yote. Harufu. Tope. Vitanda, makabati, mikokoteni ya watoto, picha ya arusi ndani ya kioo, imeegemezwa kwenye nguzo ya taa. Watu wamekaa na maisha yao yote nje, kama nyumba iliyopinduliwa na kukung'utwa. Na wanaume wanaocheza karata mbele ya mlango wa mkuu wa stesheni, mlango umefungwa kwa kufuli.

Kabedi alisimama aliponiona. Amekonda. Lakini kola ya blauzi ilikuwa imenyooka. Aliinyoosha kwa kitu gani, sijui.

"Chef mwenyewe!"

Majirani zake wa hema waliona kiti. Mzee mmoja mnene kidogo akapiga makofi: "Mama Kabedi, directeur amekuletea foteyi! Sasa shiye yote tutakuya kukuomba kazi!" Walicheka wote, hata waliokuwa wamelala. Kabedi naye alicheka, akakipangusa kiti kwa kiganja.

Kisha alikaa. Alikaa kama nilivyomfundisha siku ile ya utepe! Visigino chini. Alinyoosha viwiko hewani, akatafuta kimo cha mashine. Akaegemea nyuma taratibu, akaupata ule ubao wa formika, wa juu mno, mgumu.  Akasema, kwa adabu yake ya zamani:

"Kwa kula, iko muzuri."

Nilisema viti vimeadimika.

"Najua, chef. Ulisumbuka. Sanduku ilikuwa mubaya kushinda."

Nilitaka kusema. Naapa ulimi ulinyanyuka. Lakini mwanamke mmoja alikuwa ameshika foleni na mtoto mkononi, akitaka cheti cha kuzaliwa kichapwe upya, na Kabedi aliniomba radhi, akachapa. Niliutazama mgongo wake. Ulikuwa umejikunja tayari, kwenye kiti nilichomletea mimi.

Alipomaliza alitafuta ndani ya kifua cha blauzi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Mkono wa chuma, mdogo, mweusi kwa mafuta ya vidole vya miaka mingi. Mkono wa visi.

"Siku ile nilisikia filimbi, nikatosha huu mukono. Nilisema: kiti bataibeba, lakini hawataweza kuitengeneza kwa kimo yabo. Itabakia kimo yangu." Akacheka kidogo. "Ni upumbafu, chef. Lakini nilikuwa na hasira."

Akaniwekea mkononi.

"Ubakie nayo. Minye ninaenda, siku treni itakuya. Weye unabakia hapa, siku moja utakiona. Ukikikuta kwa muntu muzuri, umupe huu mukono, aikale sawasawa, isimuharibu mugongo. Ukikikuta kwa mwizi, tupa mu mayi."

Sijui kama Husna alimwambia. Nilitafuta kwenye macho yake, sikuona. Alikuwa ameshageukia mteja mwingine.

Nilisema, "Sawa, mademoiselle Kabedi." Kama nilivyokuwa nikimwita biro.

Nimerudi. Husna hajauliza, sijamwambia. Ule mkono uko mfukoni mwa kanzu. Nauhisi kila nikipumua.


Jumanne, 17 Novemba

Treni imefika. Alfajiri tulisikia honi, ndefu, mtaa mzima ulitoka nje. Cyrille yuko barabarani na tai yake. Anasema watu watauza vitu vyao bei ya bure kabla ya kupanda, kwa hiyo ni siku ya baraka. Ameazima mikokoteni miwili. Mbele ya watu aliomba Mungu amwongoze kwenye magodoro.

Husna naye ametafuta mkokoteni, kwa ajili ya kiti. Uko mlangoni petu. Mwenye mkokoteni anasema wanapakia watu tangu asubuhi, jioni inaondoka, na mvua inakuja, tufanye upesi.

Hawatapakia viti. Nimeshasema. Behewa ni la kubebea madini, halina hata paa. Nimemweleza Husna kwamba hata Kabedi akikifikisha Mwene-Ditu, kule hakuna meza, hakuna karatasi, hakuna mteja. Kwamba kozi ya sheria ya mali iko mezani, ukurasa wa kwanza umeshaingia kwenye mashine. Kwamba kuna haki, na kuna matumizi bora ya kitu, na kwamba wanasheria wenyewe —

Husna amenigeuzia mgongo. Anafunga mikate ndani ya kitambaa.

Nimeujaribu ule mkono. Kwa kujaribu tu. Umeingia kwenye visi bila kukwaruza, na visi ambayo ilinishinda kwa koleo imezunguka kwa vidole viwili. Nimetoa magazeti. Nimepandisha kiti hadi kwenye kimo changu. Visigino chini, mapaja sawa, viwiko na meza mstari mmoja, na kile kiganja juu ya kiuno. Maisha yangu yote ya biro nilikalia mikono ya mbao, pilau lilipikwa kwa ajili yake, na sikuwahi kukaa hivi hata siku moja. Ndivyo ninavyoandika haya. Mwandiko umenyooka, naona.

Honi tena.

Mwenye mkokoteni anauliza kama tunaenda au hatuendi. Tone la kwanza limegonga bati. Husna ameweka mikate chini, amekuja, amesimama nyuma yangu. Ameshika kiegemeo kwa mikono miwili. Havuti. Ameshika tu.

"Baba Kadidja," anasema. "Simama."